Mama Vichwa na Mikia Iliyogoma Kufa

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya maji, tarehe 30 Juni Mama Vichwa anastaafu. Jina hilo tulimbandika sisi, naye akalipokea kwa kicheko. Siku hizi hata mumewe akipiga simu humwulizia Mama Vichwa.

Vichwa vyenyewe ni vya minyoo bapa, vile viumbe vidogo kama ukucha wa mtoto vinavyoishi chini ya mawe ya kijito. Mama huwakata kwa wembe na kuwaweka kwenye maji yaliyoletwa kupimwa. Maji yakiwa salama, mkia huota kichwa kipya chenye macho mawili ya makengeza. Yakiwa na sumu ya madini, hata chembe tu, kichwa hukawia au hakioti kabisa. Jamani, inapendeza! Nilipoyaona macho yale mara ya kwanza nililia. Mama akanipa leso, akasema hata yeye hulia, ila amejifunza kutodondoshea machozi bakulini.

Halafu kuna kile kisa cha jagi. Siku yake ya kuzaliwa tulimchangia jagi la shaba, linang'aa kama jua. Alilipenda mno, akawa analaza humo maji ya minyoo wake. Sisi tunaopima shaba kila siku, hakuna aliyeshtuka! Ukoo wote alioulea kwa miaka ukateketea, ikabaki mikia michache iliyokunjamana. Mkuu wetu akashauri itupwe, tuagize minyoo wengine. Mama akagoma katakata: hawa ni wanangu, wapeni muda. Akaihamishia kwenye maji safi, akaifunika kitambaa cheusi, akawa anaichungulia kama anayeuguza mtoto. Sisi tulipita mlangoni kwa kunyata. Kwa kuhofia shaba nyingine kwenye mabomba, mkuu akaita fundi bomba ayabadilishe yote, nami nikatumwa kumshikia tochi. Fundi huyo ni mume wangu tangu mwezi uliopita, na bado namshikia tochi!

Asubuhi moja Mama alitokea koridoni akipiga vigelegele: macho yameota, jamani, macho! Mpishi wa kantini aliacha sufuria ikiungua, akaja kukumbatiwa.

Minyoo wote waliojaa rafuni leo ni kizazi cha mikia ile. Mama ameshatuonya kwamba atapiga simu kila Jumatatu, awaulizie wao kwanza, sisi baadaye.

Asante, Mama yetu. Nenda ukapumzike na mzee wako, mpendane kama maharusi wa jana. Wanao tutawalea.