Kimya cha Sekunde Kumi na Moja

Kwenye basi la Richfield, huko ughaibuni, Mzee Kantilal alisikia Kiswahili kikitoka kwenye simu ya dada aliyekaa pembeni yake, amevaa sare za hospitali. Ilikuwa filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa Dar, na mtafsiri alikuwa akibwabwaja juu ya sauti za waigizaji. Mzee, mzaliwa wa Upanga, hukohuko Dar, aliyehariri filamu Bombay miaka thelathini, aliitambua picha ile: mama mbele ya kitanda kitupu.

"Binti, hapo hapatakiwi sauti," alisema. "Hiyo filamu nimeihariri mimi. Niligombana na mwongozaji wiki nzima ili mama akae kimya sekunde kumi na moja. Kimya hicho ndicho kilichonipa tuzo."

Fadhila, maana ndivyo kitambulisho chake kilivyosema, alimtazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaodai kuwa marais. "Shikamoo, babu. Mbona mama anaongea?"

Mzee hakuitikia hata marahaba. "Haongei! Anaongea huyo mpayukaji wenu!"

"Huyo ndiye anayeniliza, babu. Bila yeye ningejuaje kama mama ana uchungu?"

"Ungemtazama usoni!"

Fadhila alifuta machozi, akaongeza sauti.

Filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda. Mzee alinyoosha kidole kumwonyesha la kwake linapokuja, lakini mtafsiri akayafunika yote kwa jina lake na namba yake ya simu, kwa maandishi manene ya njano.

Basi likasimama. "Kwa heri, babu," alisema Fadhila akiinuka, huku akiihifadhi ile namba.