Marehemu Matia Ssebunya, Aliyewasomea Majaji

Ndugu, jamaa na majirani wa Hallunda, nanyi waheshimiwa majaji mlioketi safu ya pili, ambao Noeline, bintiye marehemu, atawatafsiria kwa Kiswidi bila kupunguza makali, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu.

Marehemu Matia Ssebunya alizaliwa Machi 14, 1938, Masaka, Uganda, akasoma huko hadi mwaka 1956, akahitimu uhakimu Entebbe mwaka 1963, na Agosti 6, 1966 akafunga ndoa na Teopista, wakajaliwa watoto wawili, Noeline na Dunstan. Juni 1973 wanajeshi walimtaka amfunge mtu bila kumsikiliza, akakataa, na kabla ya wiki kwisha familia nzima ilikuwa imevuka mpaka.

Walifika Stockholm Februari 1974. Uhakimu wake haukutambuliwa, akaosha vyombo miaka sita, kisha Septemba 1, 1980 akaajiriwa kusukuma toroli la vitabu katika maktaba ya mahakama moja ya mji huu. Humo ndimo vilimofikia vijitabu vya hukumu za Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, naye alitia kila kijitabu ndani ya bahasha, juu akabandika orodha ya majaji tisa, kila jaji asome, atie sahihi, ampitishie mwenzake, na kwa utaratibu huo wakubwa hawa walihesabiwa kuwa wanaijua sheria ya Ulaya.

Oktoba 1984 marehemu alisahau kutia kijitabu. Bahasha ilizunguka wiki tatu ikiwa tupu, ikarudi na sahihi zote tisa, na mmoja wao alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba hoja zinavutia lakini hazituhusu.

Mama Teopista anasema siku hiyo mumewe hakugusa chakula, maana aliona aibu kwa niaba ya kiti cha hakimu, ambacho yeye alikipoteza kwa kukiheshimu. Tangu hapo alisoma kila kijitabu mwenyewe, akakifupisha kwa Kiswidi chepesi katika ukurasa mmoja, akaubandika nje ya bahasha, chini kabisa ya orodha, mahali ambapo kalamu ya jaji haikuweza kupita bila jicho kuona, na hivyo wasomi wale walifundishwa wakiwa wima, kikombe cha kahawa mkononi, na mtu ambaye miaka yote hawakujifunza jina lake.

Mwaka 1986 mwenzetu Agripina, mzaliwa wa Bukoba, alinyang'anywa leseni ya mgahawa wake kwa barua ya mistari minne, akaambiwa hakuna mahakama nchini yenye ruhusa ya kumsikiliza. Hata hivyo alikata rufaa, na marehemu alijua kwamba faili lilikuwa likielekea kwa majaji wale tisa, na wiki ile ukurasa wake ulisema kwamba mtu anayenyimwa riziki na ofisi ana haki ya kusikilizwa na hakimu. Mei 22, 1986 Agripina alisikilizwa, akarudishiwa leseni, na sentensi ile ilisomwa katika hukumu neno kwa neno, jaji aliyeitia sahihi akaalikwa kutoa mihadhara kuhusu Ulaya. Debe tupu haliachi kuvuma. Marehemu alimwambia mkewe tu kwamba mama wa watu amesikilizwa, akaomba chai.

Novemba 1988 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Alhamisi, Februari 9, 1989, saa tano asubuhi, hospitalini Flemingsberg.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliopokezana zamu kitandani pake, wenzake wa maktaba, na Agripina, aliyepika chakula tutakachokula leo.

Nanyi waheshimiwa, tunawashukuru kwa rambirambi zilizoletwa jana katika bahasha yenye orodha, sahihi zote tisa zimekamilika. Mama Teopista ameifungua, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya, na kadi haimo.

Pumzika kwa amani, Hakimu Matia, wewe ulisoma.