Mkono Usiokosea

Katika basi dogo la kutoka mji wa Salt, Jordan, Ustadhi Mufid, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na asiyeamini jibu lililokuja upesi, aliwasikiliza abiria wawili wa kiti cha mbele. Mmoja alikuwa Qusai, mwanafunzi. Wa pili Abu Laith, fundi mitambo mzee aliyejuana naye humo humo safarini.

"Programu yangu ya roboti sasa inaelewana na mfumo unaoendesha maabara nzima, ami," alisema Qusai. "Nimeuamuru mkono wa roboti ujikunje digrii tisini mara mia mbili, haujakosea hata mara moja. Leo saa nne namwonyesha profesa. Akiridhika, nimehitimu."

"Mara mia mbili?" Abu Laith alibangua mbegu ya alizeti kwa meno. "Mke wangu mwenyewe hanitii hivyo. Unajuaje mkono umefika?"

"Mfumo unaniandikia: digrii tisini."

"Tisini hizo zinatoka kwenye kipimo kilichofungwa kwenye mkono wenyewe, au unarudishiwa amri yako mwenyewe?"

Qusai alifungua kompyuta magotini, akatafuta mstari wa programu unaoandika tisini, akausoma mara mbili. Ustadhi aliujua usomaji huo. Aliuona kila mwaka, dakika tano kabla ya karatasi za mtihani kukusanywa.

"Lakini nimeuona ukisogea, ami."

"Hata punda husogea. Uliupima?"

Basi lilisimama mbele ya lango la maabara. Qusai aliinuka, kompyuta ingali wazi kifuani.

"Profesa hajawahi kuniuliza hilo," alisema taratibu.

Abu Laith alikunja miguu kumpisha. "Mimi nimeshakuuliza."