Fundi Kizimbani

Mama alikuwa ndani ya basi anakwenda mahakamani, maana asubuhi ile mwanawe angepanda kizimbani kujitetea. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi cherehani na mlinzi aliyetoka zamu walikuwa wamejuana kwa vituo viwili tu, na tayari wanabishana kama mawifi.

"Asiye na hatia husema, dada," alisema mlinzi. "Akinyamaza, hakimu atamsoma moyoni?"

"Kaka yangu alisema," akajibu fundi cherehani. "Yeye ni fundi wa kufuli. Mwendesha mashtaka akamwambia, wewe ulivunja kufuli la duka kwa nyundo. Si angejibu sikuvunja, akashuka zake? Akacheka! Mheshimiwa, kufuli lile halihitaji nyundo, ni waya tu, dakika moja. Na vidole akaonyesha."

"Makubwa! Kwani aliiba?"

"Siku hiyo alikuwa kwangu, ananitengenezea mlango. Kapewa miaka saba."

"Basi kilichomponza ni kicheko, si kusema."

"Kilichomponza ni kujionyesha fundi mahali pasipotaka fundi."

Mama aliinama mbele awasikie vizuri. Mwanawe ni fundi wa magari, na gari lililoibwa liliwashwa bila ufunguo. Kila alipomtembelea rumande alimhimiza, "Wajibu kwa kirefu, mwanangu, waone una akili."

"Angenyamaza angefungwa vilevile," mlinzi alishikilia.

Fundi cherehani alimgeukia amjibu, lakini mahakama ilikwisha kuonekana, na mama alikuwa amesimama, anaugonga mlango wa basi kwa viganja viwili kabla basi halijasimama.