Kilichokuwa Kisogoni mwa Binti wa Fundi Viatu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mwanafunzi wangu usisimame mlangoni kama mgeni, vuta kile kiti, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nami nimekuwa daktari miaka mingi, najua maneno hayo yana maana gani yanaposemwa kwa upole namna ile. Kwa hiyo nisikilizeni nikiwa bado na akili timamu, na anayetaka kulia alie baadaye.

Nyumba hii ni yenu wawili. Shangazi yenu akae katika chumba chake cha uani mpaka atakapotaka mwenyewe, na asiulizwe ni lini. Hadubini yangu ya zamani, ile ambayo marehemu baba yenu aliiita mume mwenzake, aichukue binti yangu, aipeleke kwa watoto wake wa chekechea watazame ngozi ya kitunguu wasukumane. Mambo ya mali yameisha. Nililowaitia ni jingine.

Mmekua mkijua kwamba mama yenu anachunguza uvimbe wa ubongo wa watoto, mkaniona nikirudi nimechoka, mkazoea. Sijawahi kuwaambia nilianzaje, kwa sababu nilianza kwa kosa.

Nilikuwa daktari mpya, koti langu jeupe bado lina mikunjo ya dukani, alipoletwa binti wa miaka sita anayetapika kila asubuhi. Baba yake alikuwa fundi viatu, ana kibanda nyuma ya stendi, mama alishafariki. Akaniambia mtoto amekuwa akiyumba akitembea, anamwaga maji ya kikombe, na kichwa anakilaza upande mmoja. Nikamsikiliza nusunusu. Foleni ilikuwa imefika getini. Nikamwandikia dawa ya minyoo, nikainama nikamfunga kamba za viatu vyake zilizofunguka, nikasema, "Haya mama, utapona." Baada ya wiki tatu akarudishwa amebebwa, macho yake hayatazami pamoja, na picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe mkubwa kisogoni, sehemu ile ya ubongo inayomsaidia mtu kusimama asianguke.

Niliomba kuingia chumba cha upasuaji kwa sababu ya aibu tu, wanangu, nisije nikajidanganya kwamba sikuwa nahusika. Bingwa wetu alikuwa mzee tuliyemwita Polepole, kwa sababu hilo ndilo neno pekee alilowaambia wauguzi tangu anashika kisu mpaka anavua glovu. Alipofunua utando wa mwisho, akanipisha nichungulie. Nilikuwa nimeuona ubongo vitabuni na ndani ya mitungi ya shule, umekauka, wa kijivu. Ule ulikuwa hai. Ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, una rangi ya waridi hafifu, na mishipa juu yake ni myembamba kuliko uzi wa kushonea, inang'aa chini ya taa. Polepole akaninong'oneza, "Tazama vizuri. Humo ndimo alimo." Humo ndimo ilimo sauti ya mama yake, nyimbo anazozijua, woga wake wa mbwa, namna anavyocheka; vyote hivyo katika kitu ninachoweza kukifunika kwa viganja viwili. Tangu siku ile sijawahi kuingia chumba kile bila kunyamaza kwanza.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwomba baba yake ruhusa ya kuhifadhi kipande cha ule uvimbe kwa uchunguzi. Nilimkuta kwenye benchi la korido, vidole vyake vina madoa ya gundi. Nikamweleza huku natazama sakafu. Akayakwangua madoa yale kwa ukucha, kisha akasema, "Kaeni nacho. Ila siku mkijua ni kitu gani, mje mniambie." Nikamwahidi. Nilidhani itachukua miaka miwili.

Ilichukua ishirini na sita. Mlizaliwa nyote wawili katika miaka hiyo, nikakosa sherehe zenu za shule, nikamwachia baba yenu homa zenu, na kwa hilo naomba mnisamehe, si kwa heshima ya mgonjwa bali kwa dhati. Asubuhi moja huyu mwanafunzi wangu akaniita, "Mwalimu, njoo uone, nimechanganya vioo vya hadubini." Hakuwa amechanganya. Kioo kimoja kilikuwa cha uvimbe wa yule binti, cha pili kilikuwa cha ubongo wa mtoto aliyefia tumboni kabla ya kuzaliwa, na kwa jicho usingeweza kuvitofautisha. Tukatazamana. Msinione mjinga nikiwaambia tulishikana mikono kama watoto.

Sikilizeni jambo hili, maana ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaona. Mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo wake huzaliwa kwa maelfu na maelfu kila dakika, zikasafiri gizani, kila moja ikafika mahali pake, ikaacha kugawanyika, ikaanza kazi. Hakuna mkono unaoziongoza. Kisogoni mwa binti yule hakukuwa na mdudu wala laana. Zilikuwa seli zilezile zilizomjenga, ambazo hazikupata habari kwamba ujenzi umekwisha. Tulipolijua hilo ndipo tulipoanza kutafuta namna ya kuzipelekea habari, na watoto wakaanza kurudi makwao kwa miguu yao. Si wote. Lakini wengi, wengi kuliko nilivyothubutu kuota.

Nilimtafuta fundi viatu. Kibanda kilikuwa palepale, naye amezeeka, amevaa miwani iliyofungwa waya. Nikamweleza yote, nikamalizia na lile la minyoo. Akasema, "Nilijua ni wewe. Ulimfunga kamba za viatu. Ndiyo maana nilikubali. Nikasema huyu ana aibu, hataacha kutafuta." Kisha akashika kopo la gundi, akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa akishinda hapa na mimi. Kumbe si hii iliyomuua?"

Wanangu, mzee yule alikuwa amebeba swali hilo miaka ishirini na sita. Nikamwambia, "Si hiyo, baba. Kosa lilianza akiwa bado tumboni, kabla hajakaa karibu nawe hata siku moja." Akaweka kopo chini, akavua miwani, akalia bila kuficha uso, nami nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikalia naye. Nimepewa vyeti na tuzo, vimo kabatini, mnaweza kuvitupa. Mimi nilisomea ile saa moja tu ya kibandani.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Liko jingine linalonielemea. Nilifanya kazi meza moja na mtafiti tuliyemwita Mkaidi, na miaka mingi kabla ya asubuhi ile alisimama mkutanoni akasema uvimbe tunaouita kwa jina moja ni magonjwa kadhaa, kila moja na chanzo chake. Nilimcheka mbele za watu. Alihamia hospitali nyingine, na ilipothibitika kwamba alikuwa sahihi, niliandika makala yangu bila kumtaja. Mwanafunzi wangu, wewe ulikuwa mdogo, hukuwa na la kusema. Sasa unalo. Andika kwamba yeye alitangulia, jina langu liwe chini yake, na uende kwake mwenyewe, usimtumie ujumbe wa simu. Mwambie nimesema nilikosa.

Sasa la mwisho. Nikishakata roho, ubongo wangu uende maabara. Wanahitaji wa watu waliozeeka bila ugonjwa huo, wa kulinganisha. Mwanangu mkubwa, usinikunjie uso. Najua, unasema mama asipasuliwe. Nimewaomba wazazi zaidi ya mia nne, kila mmoja katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake, na walionikubalia hawakuwa na roho ngumu kuliko yako. Nikikataa mimi, nilikuwa nawaomba kwa mdomo gani? Karatasi iko kwenye droo, inataka sahihi yako. Tia leo. Nataka kuiona.

Haya... asante. Asante, mwanangu mkubwa. Sahihi yako imelala upande kama ya baba yako.

Pendaneni. Mungu awafungulie njia, awape watoto wenye afya, na mkikosea awape ujasiri wa kurudi mlikokosea. Mwanafunzi wangu, nawe nimekuhesabu humo humo.

Fungueni dirisha. Shule imetoka, eh? Wasikieni... Kila kichwa kinachopiga kelele pale nje... seli zisizo na idadi, zote zilipata habari... zikasimama mahali pake. Wala hawajui. Waacheni... waacheni wacheze. Msifunge.