Kumuaga Mwalimu Breki, Aliyekataa Watoto Wapeane Mikono

Ijumaa ya mwisho ya muhula huu, naibu mkuu wa shule yetu atafunga kabati lake, atakabidhi funguo na kwenda nyumbani. Ametumikia miaka thelathini na mitatu, yote hapa hapa, tangu jengo likiwa na ghorofa moja na choo cha walimu kikiwa hakina komeo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nisiwadanganye: ninaandika nikiwa na hofu. Chumba kizima cha walimu kinajiuliza swali ambalo hakuna anayelitamka kwa sauti. Akiondoka huyu, mtoto anayesumbuliwa na wenzake atamwendea nani?

Wanafunzi wanamwita Breki, kwa sababu akitokea kwenye korido hata upepo husimama. Sisi walimu vijana tunamwita Shangazi. Alianza kama mwalimu wa jiografia, na mwaka wake wa kwanza aliwaongoza wanafunzi kwenda kuuona mto, ramani mkononi, akatokea nao kwenye kiwanda cha mbao. Mafundi waliwapa maji ya kunywa. Hadi leo anashikilia kwamba ramani haikukosea, mto ndio uliohama. Ameitafuta miwani yake mara nyingi ikiwa kichwani, na sisi kwa ubaya wetu tumemwacha atafute.

Lakini atakumbukwa kwa jambo jingine, na ninaliandika kwa ruhusa ya wahusika. Binti aliyeonewa sasa ni mtu mzima. Amezisoma aya hizi kabla yenu na kuondoa mbili.

Shule hii ilikuwa na desturi ya kupeana mikono. Watoto wakigombana, wakitukanana, wakiibiana kalamu, waliitwa ofisini kwa mkuu, wakaambiwa yaliyopita si ndwele, wakashikana mikono mbele ya wazazi, na jambo likaisha. Tuliipenda desturi hiyo. Wageni waliisifia. Ilituepusha na maneno ya mtaani, na hakuna aliyeuliza kama kila jambo ni la kumalizwa hivyo.

Asubuhi moja Breki alikuwa zamu getini. Alimwona binti wa fundi cherehani, wa kidato cha pili, sketi yake imeshushwa pindo na alama ya pindo la zamani ikionekana. Wiki iliyofuata sketi ilikuwa imeungwa kipande cha kitambaa, inakaribia vifundo vya miguu. Mtoto hakuwa amerefuka. Wengine tulicheka kwamba mama fundi anapima kwa macho. Breki hakucheka. Alimwomba binti amsaidie kubeba ramani hadi stoo, na huko, mlango ukiwa wazi, akamuuliza taratibu ni nani anayemtisha.

Ilichukua muda. Mvulana wa kidato cha nne na wenzake wawili walikuwa wakimzuia kwenye ngazi za nyuma ya maabara, wakimshika bila ridhaa yake, wakimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akisema, walimwahidi, watamzushia uongo kwenye simu za darasa zima. Binti alikuwa ameacha kunywa maji asubuhi ili asihitaji kwenda chooni, maana njia ni ile ile. Mama yake alikuwa ameambiwa nusu ya habari. Mama, kwa woga, hakuuliza nusu ya pili. Alichukua sindano akarefusha sketi, kwani hilo ndilo alilojua kurekebisha.

Na yule mvulana alikuwa mtoto wa mwenzetu, mwalimu wa fizikia, mtu wa watu, aliyekaa meza moja na Breki.

Habari ilifika chumba cha walimu. Kisha minong'ono ikaanza. Wengine walisema wavulana ndivyo walivyo. Wengine walisema mitihani iko karibu, tufunike kombe mwanaharamu apite. Mimi nilikuwa mgeni kazini na niliogopa kila mtu: niliogopa mkuu, niliogopa yule baba, niliogopa hata macho ya binti, kwa sababu yalikuwa yanatusubiri.

Mkuu wa wakati huo aliita kikao, na mimi nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu. Mama fundi aliketi pembeni, mkoba wake magotini kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mwalimu wa fizikia alitazama sakafu. Mkuu alisema yake ya siku zote, kwamba sisi ni familia moja, kisha akawaambia watoto wapeane mikono. Mvulana alinyoosha wake haraka, na alikuwa anatabasamu. Binti alianza kuinua wake.

Breki aliinuka, akaushusha mkono wa binti taratibu, akasimama katikati yao.

"Mkono huu umeshashikwa vya kutosha," alisema.

Kalamu yangu iligoma. Nilijua kwamba hata mimi, kama ningeachiwa, ningemwambia yule mtoto atoe mkono tuende nyumbani.

Kilichofuata hakikuwa cha kishujaa. Breki alitishiwa uhamisho. Mwenzake wa meza aliacha kumsalimia. Kuna waliompigia simu bila kusema neno, wakapumua tu, wakakata. Aliniambia baadaye kwamba siku zile alikuwa anafunga mlango wa nyumba yake, analala, anaamka kuhakikisha kama ameufunga. Wanaodhani Shangazi haogopi hawajawahi kutembea naye kwenda kituo cha basi.

Aliogopa na akaendelea. Aliwaarifu maafisa wa ustawi wa jamii siku ile ile ya kikao. Alikataa binti ahamishwe darasa au apewe likizo, akasema anayepaswa kusogezwa ni aliyekosa. Alienda nyumbani kwa mama fundi, akakaa kwenye kiti cha wateja kati ya vitambaa, akamwambia kwamba kosa halikuwa kwenye sketi. Mama yule alilia, kisha akamwita binti yake na kumuuliza ile nusu ya pili. Safari hii aliisikiliza hadi mwisho bila kumuuliza alikuwa anafuata nini ngazini.

Mwalimu wa fizikia alichelewa kidogo. Mwanzoni alimtetea mwanawe kama mzazi yeyote anayeona nyumba yake inaungua. Halafu jioni moja alimuuliza kijana swali bila kumwachia pa kujificha, na kijana akasema kweli. Baba hakumpiga wala hakumficha. Alimleta mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu, kijana akaadhibiwa, akapewa mshauri wa kuzungumza naye. Tangu hapo kila mapumziko mwalimu wa fizikia husimama kwenye ngazi za nyuma ya maabara, kwa hiari yake. Yeye ndiye aliyetaka haya yaandikwe.

Siku hizi mtoto akilalamika, anasikilizwa peke yake, haletwi uso kwa uso na aliyemtesa. Wazazi wanaitwa, wa pande zote mbili, na Breki huwaambia wenye wavulana yale yale anayowaambia wenye wasichana. Binti wa fundi alimaliza shule. Gauni atakalovaa Shangazi Ijumaa limeshonwa na mama wa binti huyo, na limeishia magotini. Mama fundi ametangaza kwamba mwenye neno aende akamwambie yeye.

Sasa niseme kinachoninyima raha. Wiki mbili hizi, kwenye vikao, nimeanza kusikia tena kwamba mambo madogo yamalizwe kifamilia. Kiti chake nimepewa mimi, na hakinitoshi.

Jumanne Breki alikwenda kufuatilia mafao yake. Mtoto mmoja akaja ofisini. Sitasema wa darasa gani, wala kama ni wa kike au wa kiume. Alimuulizia Mwalimu Breki. Nilimwambia hayupo. Akageuka kuondoka, na ndipo nilipoogopa: nikimwacha afike mwisho wa korido, hatarudi tena kwa yeyote. Nikamwita. Nikamwambia nitamsikiliza mimi. Aliniangalia kama mnunuzi asiyeiamini mizani. Nikamvutia kiti. Akaketi.

Asante, Shangazi, kwa miaka yako, kwa ukali wako, na kwa mito yote iliyohama. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa, na wajukuu watakaokuchosha vizuri. Usirudi kutukagua.

Mtoto yule alisema yote. Nilimwambia namwamini. Hatua zimeanza kuchukuliwa, na leo yuko darasani. Bado naogopa.