Chungu Kilichokuja Mapema

Wasikilizaji wapendwa, saa hii tunamkumbuka 'M'e, yaani Mama, Malisebo Khoele, mpishi wa shule ya msingi huko Mafeteng, Lesotho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa shule. Jumamosi iliyopita tulimzika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Alipatwa na saratani ya titi. Alipasuliwa, akawekewa dawa za mishipani, akachomwa mionzi. Matibabu yakaisha. Kilichobaki ni kwenda Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka, kila baada ya miezi sita, kupigwa picha ya kuangalia kama ugonjwa umerudi. Picha mbili za kwanza zilikuwa safi. Leo tunazungumzia ile ya tatu.

Binti yake, Lisebo, anasema mama yake aliingia katika juma lile bila hofu na bila matumaini. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Alimwambia Lisebo, "Nikiomba ni kama natafuna karatasi. Sihisi kitu." Lisebo akamuuliza kama basi wasiende. Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo watoto wa shule wale leo au wasile. "Nimesema sihisi," akajibu. "Sikusema siendi."

Alhamisi ni siku ya akina mama wa maombi. Kwa kawaida hukutana kanisani. Alhamisi ile, kwa kuwa mwenzao angesafiri alfajiri, walimfuata nyumbani, wote wakiwa na sare nyeusi na kola nyeupe. Nasi tunajua, wasikilizaji wapendwa, mtaa unaelewa nini sare hizo zinapoingia nyumbani kwa mgonjwa siku ya kazi.

Jirani yake, 'M'e Maseboka, alielewa hivyo hivyo. Hakumuuliza mtu. Alijifunga blanketi, akapakia chungu chake cha chuma cha miguu mitatu kwenye toroli, kile kikubwa cha kupikia msibani, akakisukuma hadi mlangoni huku akilia. Mlango ukafunguliwa. Aliyeufungua ni Malisebo mwenyewe.

Walitazamana. Maseboka akaanza kusema kwamba aliona sare, kwamba alidhani. Hakumaliza. Malisebo aliinama, akachungulia ndani ya chungu.

"Umekuja kunizika na chungu hujakisugua, mwenzangu?"

Akina mama walicheka hadi kola zikapinda. Malisebo hakucheka. Maseboka alitaka kukigeuza chungu arudi nacho. Malisebo akakishika sikio. Chungu cha msiba, alisema, hakirudi kitupu kwa mwenyewe. Akakisugua kwa majivu na mchanga, akawasha moto uani, akapika makande. Waliokuja kumwombea wakala. Aliyekuja kumzika akala pia, akaongezewa.

Kesho yake, Ijumaa, huko Bloemfontein, Malisebo akalala juu ya kitanda chembamba cha mashine. Sauti ikamwambia azuie pumzi. Baadaye alimweleza Lisebo kwamba alitafuta sala, asipate hata moja. Zaburi alizozijua tangu utotoni hazikuja. Iliyokuja ni sala ya watoto wa shule, ile aliyoisikia kila mchana kwa miaka kumi na tisa, vyungu vikiwa bado vimefunikwa: "Kwa chakula tutakachopewa, tunakushukuru." Akaisema kimoyomoyo hadi mashine iliponyamaza. Hakuhisi kitu. Akavaa viatu.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Ugonjwa ulikuwa umerudi, umefika kwenye ini.

Maseboka alipopata habari alikwenda kukichukua chungu, kilichokuwa kimebaki pale uani. Alijiona kama ndiye aliyekiita kifo kwa haraka yake. Malisebo akamkatalia. "Kiache. Hukukosea nyumba, ulikosea siku tu." Kwa miezi kumi na moja chungu kilikaa uani, na kila Alhamisi, alipoweza kusimama, kilipikiwa makande ya akina mama wa maombi. Aliposhindwa kusimama, alielekeza akiwa kitini.

Jumamosi iliyopita Maseboka alifika msibani na toroli tupu. Alikikuta chungu kimeinamishwa ukutani. Lisebo alimwambia kwamba mama yake alikiomba siku nne kabla ya kufariki, kikainamishwa kando ya kiti chake, akakisugua mwenyewe, polepole, akipumzika. Maseboka alikiinua, akachungulia ndani. Kilikuwa kinang'aa. Akawasha moto.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Lisebo. Tunawapa pole akina mama wa Alhamisi. Tunakupa pole nawe, 'M'e Maseboka. Na kama unatusikiliza, na una tarehe ya hospitali iliyoandikwa kwenye karatasi, na moyo wako hausemi kitu, tafakari juu ya mpishi huyu. Alishukuru chungu kikiwa bado kimefunikwa. Kisha akavaa viatu. Nenda nawe.